Maji Yasiyo ya Chumvi

"Tai, Probox nyeupe imetoka Kabanga. Isifike Rulenge."

"Naiona," Anneth alijibu redioni.

Aliongeza mwendo. Pikipiki ikanguruma mlimani, vumbi jekundu likipiga kioo cha helmeti.

Kwenye kona alilipita gari, akaziba njia, akachomoa bastola.

"Shuka! Mikono juu!"

Leonidasi, dereva, alishuka, mikono ikiwa juu. "Ni dripu za hospitali tu, dada."

Katoni zilijaa hadi kwenye paa. Lebo zilisema maji ya chumvi. Anneth alikuwa mfamasia kabla ya Idara ya Upelelezi kumchukua, kwa hiyo hakuziamini. Alitoa mkobani kichupa cha seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, akaiyeyusha, akaidunga ndani ya mfuko mmoja.

Akasubiri.

Maji yakapata ukungu, yakawa meupe. Chembe zikaelea.

Haikuwa chumvi. Ilikuwa Ringa, dripu yenye kalsiamu. Seftriaksoni ikikutana na kalsiamu, huganda. Kwa mtoto mchanga, chembe hizo huenda kuziba mapafu.

"Nani kabadilisha lebo?"

"Bosi. Chumvi imeadimika, kila zahanati inaitaka."

"Yuko wapi?"

"Mpakani, kwa wabadilisha fedha. Shati la kijani."

Anneth alishika redio. "Shati la kijani, kwa wabadilisha fedha. Mchukueni."

Kisha akamgeukia Leonidasi. "Umeshusha wapi?"

"Bugarama. Katoni moja. Jana."

Alipiga simu zahanati ya Bugarama.

"Nesi Rozalia, hizo dripu mpya, msichanganye na seftriaksoni!"





"Nimemtundikia mmoja asubuhi na seftriaksoni, dada. Mtoto wa siku nane." Rozalia aliongeza: "Ametutoka sasa hivi."

Redio ikakoroma. "Tai, tumemkamata. Mzigo wote umezuiwa. Kazi nzuri."

 Askari walipofika, Anneth aliwakabidhi dereva na gari, akaendesha hadi Bugarama.

Ineza, mama wa mtoto, alikuwa kwenye benchi, amempakata mwanawe ndani ya kitenge.

"Pole sana, mama."

"Dawa ilikuwa mbovu?"

"Dawa ilikuwa nzima. Maji nayo mazima. Havikupaswa kukutana. Kuna mtu alidanganya kwenye lebo."

Ineza alitikisa kichwa polepole.

"Alikuwa anarusha mkono," alisema. "Mimi ndiye niliyemshika, asichomoe sindano."

 

Anneth aliichukua katoni iliyoshushwa pale, akaifunga nyuma ya pikipiki, akaondoka bila kugeuka.