Lifti Hadi Njombe

Kabureta huvuta hewa, haitoi. Hilo halihitaji shule. Kila fundi aliyewahi kuchafua mikono analijua. Ndiyo maana asubuhi ile ya Jumatatu, Rehani alipoinama juu ya injini inayounguruma, ncha moja ya kipande cha mpira wa maji sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya pili, alidhani sikio lake ndilo bovu. Kabureta ya kwanza ilivuma sssss, inavyotakiwa. Ya pili ilivuta, ikatulia, halafu ikashusha pumzi. Pumzi yenyewe ya moto, na harufu yake haikuwa ya petroli. Ilikuwa ya ubani.

Akauchomoa mpira, akaupuliza, akaurudisha. Pumzi ikaja tena, taratibu, ya mtu asiye na haraka.

"Lahaula," akanong'ona, akazima injini.

Na kuizima ndiko kulikomuuma, maana ilikuwa imewaka kwa mara ya kwanza jana yake tu, baada ya miezi mitano. Miezi mitano, jamani! Mwingine angeshajenga nyumba na kuipaua.

Rehani alikuwa dereva wa malori, mtu wa Tabora aliyelowea Makambako. Kile kigari alikitoa kwa mkulima mmoja wa Kilutheri huko mbele ya Uwemba, kimelala kwenye banda la mahindi, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Kidogo, milango minne, kabureta mbili, kilichoundwa kwa ajili ya mashindano ya mbio enzi hizo. Mwaka ule wa tisini na mbili mambo yalikuwa ruksa, vipuri vimejaa madukani, si kama ile miaka ya foleni ya sabuni. Rehani akajiambia, mwezi mmoja tu litanguruma. Akaliegesha uani, akavua shati.

Mkewe, Zuena, alilibatiza gari lile jina la mke mwenza. "Umeshamwamkia mwenzangu leo?" humtania. "Usije ukamnunulia kanga ukanisahau." Lakini hakuwahi kumzuia. Alijua kwa nini mumewe anahangaika. Miaka miwili nyuma uchungu wa uzazi ulimshika Zuena, wakasimama barabarani kungoja lifti, na mtoto akazaliwa juu ya magunia ya mahindi nyuma ya lori. Hakufika Njombe akiwa hai. Siku ya mazishi Rehani aliapa kwamba mtoto mwingine atakwenda hospitali ndani ya gari la baba yake. Na sasa tumbo la Zuena lilikuwa la miezi minane.

Basi akalikomalia. Alibadilisha platini, plagi, koili. Gasketi ya kichwa aliifunga mara tatu. Alifungua kabureta mpaka zile sindano zake alizijua kama vidole vyake. Akipiga stata: nye-nye-nye-nye, kimya. Moto upo, petroli ipo, hewa ipo, gari limenuna. Majirani wakipita wanauliza, "Vipi fundi, tutakwenda Pasaka au Krismasi?" Anacheka nao, moyoni anatokota.

Jumapili ile alasiri uzalendo ukamshinda. Alitupa spana ikagonga ukuta, akalipiga gari teke, akamwaga maneno. Sasa, madereva wa Makambako wana desturi yao: aliyekusukumia gari likawaka, humwachi barabarani. Unamfungulia mlango wa mbele, unampa lifti mpaka anakokwenda. Rehani aliishika desturi hiyo kama dini, na ndiyo iliyomtoka mdomoni.

"Wallahi! Atakayeliwasha gari hili, awe mtu awe shetani, nampa kiti cha mbele, lifti bure hadi Njombe!"

Zuena, aliyekuwa anamenya viazi mlangoni mwa jiko, akaacha kisu. "Mume wangu, omba radhi. Maneno kama hayo hayasemwi."

"Wewe menya viazi," akajibu, akazungusha ufunguo.

Likawaka palepale.

Kuanzia hapo hakukuwa na amani. Jumanne kiti cha mbele cha abiria kilikutwa kimebonyea, na alipokikandamiza kwa mkono kiling'ang'ania, hakikushuka wala kupanda. Jumatano mchana, jua linawaka, gari limefungwa, kioo cha upande ule kilikuwa na mvuke kwa ndani. Rehani akaufuta. Alipogeuka kuanika kitambaa, mvuke ukarudi. Kuku wa Zuena, ambao hata jikoni huingia bila hodi, walikuwa wanalizunguka gari kwa mbali. Na ile harufu ya ubani ilishaanza kuingia kwenye nguo zilizoanikwa.

"Rehani," Zuena akamwambia kwa sauti ya chini, "springi zinalia mle ndani. Nimezisikia mara tatu leo. Mtu anajigeuza."

Rehani akaenda kumwita Maalim Abdulatif, anayefundisha watoto Kurani nyuma ya soko, mzee asiyependa makuu. Maalim hakuligusa gari. Alichungulia kioo, akarudi nyuma hatua mbili, akamshika Rehani mkono wakaenda kusimama kando ya choo, mbali.

"Ulimwahidi nini?" akanong'ona.

"Lifti. Hadi Njombe. Ilikuwa hasira, Maalim!"

"Hasira, hasara. Huyo ni abiria wako sasa, anangoja safari. Sikiliza, mwanangu. Kesho nina msiba Mafinga. Ijumaa baada ya swala nakuja kumsomea, aondoke hukohuko alikotoka. Mpaka hapo usiwashe. Ukiwasha, usitoke nalo. Usimfikishe anakotaka kwenda, kwa maana hujui ana shughuli gani huko."

"Sawa, Maalim."

Alisema sawa, na alikuwa na nia. Lakini uchungu wa uzazi haungoji Ijumaa. Alhamisi saa moja asubuhi, ukungu wa Julai umeshuka huoni hata ukuta wa jirani, Zuena akashika kiuno na kulia. Wiki tatu kabla ya wakati. Rehani akatoka mbio kwa Nikodemo, jirani mwenye lori, akamkuta anapakia mbao.

"Nipe saa moja tu, ndugu yangu, nazishusha nakuja," Nikodemo akasema.

Aliporudi nyumbani, mama Hulda wa nyumba ya tatu, mkunga wa kanisani, alikuwa keshafika. "Mtoto amekaa vibaya," akamwambia pembeni. "Hili si la kwangu, ni la hospitali. Na sasa hivi."

"Nitangoja lori," Zuena akasema, meno yamebana. "Umesikia, mume wangu? Lile gari sipandi."

"Lori tena?" Rehani akafoka, machozi yanamlenga. "Nikuweke juu ya mbao, Zuena, nimzike na huyu? Miezi mitano nimelilalia chini gari lile, kwa ajili ya asubuhi hii moja! Anataka Njombe? Basi nampeleka Njombe. Atashuka, ataniachia gari langu, tumemalizana!"

Hesabu ya dereva hiyo: abiria akifika, anashuka. Ilimwingia akilini vizuri kabisa. Zuena alitaka kujibu, maumivu yakamkata kauli.

Walimlaza kiti cha nyuma. Mama Hulda akazunguka kwenda kukaa mbele, akafungua mlango, akaketi nusu, na mara akaruka nje ameshika kifua. "Yesu wangu! Baba, hapa pana mtu!"

"Kaa nyuma, mama. Tafadhali. Usiulize."

Mama Hulda akajibana nyuma, akampakata Zuena kichwa, akaanza kusali kwa Kibena. Rehani akasema bismillahi, na injini ikawaka kabla hajagusa ufunguo.

Nakwambia, gari lile lilikwenda. Lilikwenda kama Rehani alivyokuwa akiliota kila alipolala chini yake, laini, bila kukohoa, gia zikiingia zenyewe, lami ikimezwa na ukungu mbele na ukungu nyuma, na kila alipotaka kupunguza mwendo mguu ulikuta pedali imeshakanyagwa, na upande wake wa kushoto kile kiti kilizidi kubonyea, springi moja baada ya nyingine ikilalamika, na joto likimpiga begani kama amekaa karibu na jiko la mkaa, wala hakuthubutu kugeuza shingo, kwa sababu pumzi ile aliyoisikia kwenye mpira sasa ilikuwa ndani ya gari, inavuta, inatulia, inashusha, na Zuena akilia huko nyuma ilikuwa inaharakisha, akinyamaza inanyamaza, mpaka Rehani akaelewa kwamba inasikiliza.

"Endesha," mama Hulda akanong'ona. "Usitazame, baba. Endesha tu."

Waliingia Njombe mjini. Hakusimama stendi, hakusimama sokoni, hakusimama popote. Angesimama vipi, na mkewe yuko katika hali ile? Alikwenda moja kwa moja hadi mlango wa wodi ya wazazi, akakanyaga breki, akaruka nje kwa mlango wake, akafungua wa nyuma. Manesi wakaja na machela. Mama Hulda akaingia nao mbiombio.

Rehani akabaki kwenye benchi la nje na baridi, anahesabu tasbihi ya vidole. Nusu saa baadaye nesi mmoja, Ema, akatoka anatabasamu. "Hongera, baba. Mtoto wa kiume. Mama mzima, mtoto mzima. Nenda kalete nguo na kitu cha moto, utawaona baadaye."

Alilia waziwazi, mtu mzima yule, akiwa na grisi hadi viwikoni. Akaenda garini akajitupa kwenye usukani, akazungusha ufunguo.

Nye-nye-nye-nye. Kimya.

Akajaribu tena. Kimya. Zile hasira za miezi mitano zikaanza kumpanda, mkono ukakunja ngumi kuipiga dashibodi, na ndipo akaona kiti cha kushoto. Kilikuwa kimeinuka, bapa, kikavu. Akanusa: petroli tupu. Akacheka. Alicheka mpaka mbavu zikamuuma, akiubusu ule usukani wa gari bovu. Ameshuka! Tumemalizana! Atalisukuma gari hadi Makambako akiimba.

Ubaridi ukampiga ubavuni. Akageuka.

Mlango wa mbele wa abiria ulikuwa wazi. Yeye hakuufungua, wala mama Hulda, wala nesi. Ulikuwa wazi hadi mwisho, umeelekea ngazi za wodi ya wazazi, hatua sita tu. Njombe yote ile, na hapo ndipo alipomshusha abiria wake.

Ndani, watoto wachanga walikuwa wanalia, wengi kwa pamoja, kama kawaida ya wodi. Rehani alikuwa ametoa mguu mmoja nje ya gari waliponyamaza wote kwa mara moja. Kisha akasikia sauti ya mkewe, ndogo, imekauka.

"Nesi, njoo. Nani amemchukua mwanangu mikononi mwangu?"