Funda la Chiriku

Fundi rangi alikuwa na binti mmoja wa miaka mitatu. Mtoto huyo hakuishiwa maneno, ndiyo maana wapangaji wote walimwita Chiriku. Kila siku baba yake alibeba maji ya ndimu kazini kwenye chupa ya plastiki. Kila siku alimbakishia funda moja.

"Baba, funda langu!" Chiriku alimdaka mlangoni.

"Leo nimemaliza lote."

"Muongo! Hebu nione mkoba!"

Akaufungua mwenyewe, akatoa chupa, akanywa. Uchovu wote wa baba ukaisha.

Siku moja kazini, fundi alibakiwa na mafuta ya taa ya kusafishia brashi. Kopo lake lilikuwa limetoboka, na kuyamwaga aliona uchungu. Akayatia kwenye ile chupa. Nyumbani alimkuta mwenye nyumba anamsubiri uani, wazungumze habari za kupaka rangi geti. Fundi alitua mkoba mlangoni. Waliongea maneno mawili matatu tu.

Akasikia mtoto anakohoa.

Chiriku alikuwa amekaa chini, mkoba mapajani, chupa wazi. Nguo yake ilinuka mafuta.

"Mama Chiriku! Njoo upesi!"

Mama alitoka jikoni mbio. Bibi wa chumba cha pili naye akaja. "Mpeni maziwa! Mtapisheni!" alisema bibi. Mama akamnywesha maziwa. Baba akamtia kidole kooni. Mtoto akatapika, akakohoa zaidi, pumzi ikaanza kumpaa. Ndipo wakamkimbiza hospitali.

Siku ya tatu, asubuhi, Chiriku alifariki dunia.

Muuguzi aliwakalisha kwenye benchi. Hakuwagombeza.

"Sista, tulikosea wapi?" fundi aliuliza. "Si tulimtapisha?"

"Mafuta ya taa huua yakiingia mapafuni, baba. Mtoto akitapika, yanapanda tena, na mengine yanapita njia ya hewa. Aliyekunywa sumu msimtapishe, wala msimpe maziwa. Mfuteni mdomo, mvueni nguo zilizolowa, mleteni haraka. Na chupa yenyewe mje nayo, tujue amekunywa nini."

"Tungemleta moja kwa moja, angepona?" mama aliuliza.

"Siwezi kukudanganya, mama. Sijui. Wengi hupona."

Fundi aliinamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyeyatia kwenye chupa yake."

"Mtoto hajui sumu, baba. Anajua chupa. Sumu ikae kwenye chombo chake, juu, tena kwa kufuli."

Msiba ulipokwisha, fundi alitafuta mbao. Alitengeneza makasha sita yenye kufuli, moja kwa kila chumba, akayapigilia juu ukutani. Mafuta, dawa za panya, vidonge, vyote vikaingia humo. Alipofika chumba cha bibi, bibi alishindwa kumtazama.

"Mwanangu, nilidhani namwokoa."

"Hata mimi, bibi. Hata mimi."

Miezi ikapita. Siku moja bibi alikuwa anafua. Aligeuka kuanika shuka moja tu, mjukuu wake akainua chupa ya dawa ya kung'arishia nguo, akanywa. Bibi hakumtia kidole. Hakuita mtu wa kumshauri. Alimfuta mdomo, akamweka mgongoni, akashika chupa, akatoka mbio na kanga moja kwenda hospitali. Jioni alirudi naye. Mtoto mzima, analilia biskuti.

"Walisema niliwahi," bibi aliwaambia wenzake uani, machozi yakimtoka. "Sasa nikifua, chupa haiachwi chini hata kidogo."

Fundi alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini. Alimpa mtoto mkono, akafurahi kwa kweli, kisha akageukia ukuta akalia.

Hadi leo hubeba maji ya ndimu. Mafuta ya brashi hukaa kazini, kwenye kopo lake, ndani ya kasha lenye kufuli. Lakini chupa yake mpya hajawahi kuimaliza. Hubakisha funda moja, akafika nalo mpaka mlangoni, akasimama kidogo, akalimwaga.