Uzio wa Yuka Juu ya Lave

Ulipita hapo. Usiseme hukuona. Ulikata njia ndani ya parsele, kiwanja cha watu, kwa sababu haikuwa na uzio. Ulimukuta mama anafua nguo, ukatazama upande wa pili. Mutu angepita hivyo kwako, ungepiga kelele mpaka watu wa mutaa wa Mabanga wasikie.

Parsele hiyo ni ya Niyibizi na mukewe Laurence, kule mutaa wa Katoyi. Ni watu wa Rutshuru. Vita viliwafukuza kule, na si mara moja. Wewe umesahau, mimi sijasahau. Walijenga nyumba ya mbao juu ya lave, lile jiwe jeusi la volkano. Walikuwa na uzio wa mbao pia. Siku zile mbaya za mapigano, makala, ule mkaa wa kupikia, ilipokosekana mujini, watu waliung'oa ubao kwa ubao, wakapikia. Si wezi kutoka mbali. Ni majirani. Hakuna aliyeomba ruhusa, hakuna aliyerudi kuomba musamaha.

Bila uzio, parsele ikawa njia. Waliotoka kwenye bomba la maji walikatia hapo. Kisha wenye chukudu nao wakaona wanafupisha safari. Chukudu ni kigari cha kusukuma, mbao tupu na magurudumu mawili. Likishika muteremuko na magunia ya makala juu yake, halisimami upesi.

Asubuhi moja Laurence alikuwa jikoni, nje ya nyumba, anachambua maharagi. Mutoto wao mumoja, Umugwaneza, alikuwa ameketi chini karibu naye. Chukudu likashuka. Gurudumu likapanda juu ya muguu wa mutoto. Mwenye chukudu alitazama nyuma mara moja, akaendelea.

Muguu ulivunjika. Ulipona, lakini ulipona vibaya. Umugwaneza anachechemea.

"Siku moja watamuua," Laurence alimwambia mumewe. "Weka uzio, Papa Umugwaneza."

"Mbao nitoe wapi? Watazing'oa tena."

"Basi panda muti. Muti mubichi hawaupikii."

"Tupande muti wa muyenzi, kama nyumbani."

"Muyenzi hapana! Maziwa ya utomvu wake yanachoma macho. Muguu haujakutosha, unataka na jicho?"

 Niyibizi akakumbuka yuka, ule muti wa shina nene na majani marefu kama visu. Mutu mumoja alikuwa amekata yuka zake akatupa mashina kando ya barabara. Niyibizi aliyaokota, akayaleta.

Sasa sikia kosa lake. Kwao Rutshuru, uzio wa muyenzi hupandwa kwa haraka. Mutu anakata tawi asubuhi, jioni limesimama ndani ya udongo, na linaota. Niyibizi akaipanda yuka vilevile. Alivunja lave kwa chuma, akachimba mashimo. Akaona lave haina udongo, basi akaenda kujaza magunia udongo mweusi, akajaza mashimo mpaka juu. Mashina yaliingia siku ileile, kidonda cha kukatwa bado kibichi. Na kila siku Laurence aliyanywesha maji.

Mvua zikaanza. Majani yakawa ya manjano. Laurence alishika shina moja, kidole kikaingia ndani kama kwenye ndizi iliyooza. Likanuka.

"Maji yangu!" alilia. "Nimevunja mugongo nikinywesha maiti!"

"Lave ndiyo imeziua."

"Lave gani? Umeifunika na udongo wa Masisi nzima!"

Watu walipita wakicheka. Mumoja alisema, "Muzee, uzio wako umelala. Tutapita polepole tusiuamushe."

Niyibizi akashikwa na hasira. Akatafuta yuka nyingine, fupi, yenye ncha kali kama sindano. Akaanza kuchimba karibu kabisa na mulango wa jikoni.

Wakati huo akaingia Mama Alima, jirani wa upande wa juu. Ukoo wake ulitoka Maniema zamani. Yeye huotesha maua na miti na kuiuza kando ya barabara, kule Murara.

"Hodi. Papa, hizo unamupandia nani?"

"Wanaopita. Wacha watoboke."

"Hapa mulangoni, nani anaanguka mara nyingi? Wanaopita, ao mutoto anayechechemea?"

Niyibizi aliweka chuma chini.

"Leta kiganja," Alima alisema. "Sukuma ncha hii, polepole."

"Aa! Inatoboa."

"Sasa njoo kwangu, sukuma ile ndefu." Walienda. Ncha ya jani ikapinda juu ya kiganja. "Umeona? Ukichagua yuka, anza na kiganja chako. Ile kali ipande nje, mbali, mahali mutoto hafiki. Palipo na mutoto, panda hii laini."

"Hii ndiyo iliyooza."

"Haikuozeshwa na lave. Yuka ina maji mengi ndani. Ukiizika na kidonda kibichi kwenye udongo wenye maji, inaoza. Yuka si muyenzi, Papa."

"Basi tufanye nini?" Laurence aliuliza.

"Kata mashina marefu, yafike kifuani. Toa majani ya chini. Yalaze kivulini, pakavu, wiki moja ao mbili, mpaka kidonda kiwe kigumu kama gamba. Weka alama upande wa chini, musije mukapanda kichwa chini."

"Na udongo?"

"Kidogo tu. Changanya na lave iliyovunjwa ndogondogo. Lave haishiki maji, na yuka inapenda hivyo. Yapande yakaribiane, muyafunge na fito mpaka yashike mizizi. Musiyasogeze kwenye ukuta wa nyumba, shina huwa kubwa. Maji, ngojeni kwanza udongo ukauke. Mvua ikinyesha, acheni kabisa."

Laurence alimutazama. "Mama Alima, ulituona tukipanda zile za kwanza?"

"Niliwaona."

"Na ukanyamaza?"

"Nilijisemea nitapita kesho." Alima aliinamisha kichwa. "Chukueni mashina kwangu. Mukate mpaka yatoshe."

Walikata. Mashina yakalala kivulini, na watu wakacheka tena. Wakayapanda kwenye lave, na watu wakacheka zaidi: miti isiyo na maji! Laurence alikuwa akishika bidon ya maji, anaiweka chini, anashika tena. Hakumwaga. Kisha majani mabichi yakatoka juu, shina moja, halafu lingine. Mawili yalikufa, wakapanda mengine mahali pao. Mwaka wa pili majani yalishikana. Chukudu halipiti tena. Mutu hapiti tena.

Umugwaneza anacheza ndani ya uzio, lakini bado anachechemea. Akisikia magurudumu ya mbao barabarani, anaacha mchezo na kuingia nyumbani. Hakuna yuka ya kuponya hilo.

Na njia haikufa. Ilihama. Sasa wanakatia kwa Patricia, mujane wa parsele ya chini. Ana mapacha, na wameanza kutambaa. Laurence amemukatia mashina, yanakauka kivulini, lakini yanatosha nusu tu ya upande wa barabara.

Wewe yuka yako imefika dirishani. Kila mwaka unaikata, unaitupa. Chukua panga sasa hivi. Jaribu ncha na kiganja, kata zile laini, uzipeleke kwa Patricia leo, maana bado zinapaswa kukauka, na wale mapacha hawatangoja.