Mgongo wa Thuwaiba

Thuwaiba alikaa Michenzani na mama yake, Bi Mwanakheri. Mama alikuwa kitandani mwaka wa pili. Thuwaiba alimwogesha, akamlisha, akamgeuza. Hakutaka mikono ya mtu mwingine imguse mama yake.

Lakini mgongo wa Thuwaiba mwenyewe ulikuwa ukimuuma kwa miezi minane sasa. Hospitali walimpima, wakampa dawa na mazoezi. Mazoezi hakuyafanya. Alijifunga mkaja kiunoni, kama mzazi wa siku arubaini, akaukaza mpaka pumzi ikawa tabu. Kisha akalala kutwa, na mama akabaki bila kuogeshwa.

"Niache tu, mwanangu," mama alisema. "Nshakuchosha."

Thuwaiba alilia sana siku ile. Jirani yake Sumaiya, ambaye ni muuguzi, alimkuta na macho mekundu.

"Shikamoo, Bi Thuwaiba. Mkaja huu wa nini tena? Umejifungua lini?"

"Marahaba. Usinicheke. Dawa nshaacha. Nnataka kwenda kwa yule mtaalamu anayetibu mgongo kwa mikono."

"Nenda. Atakubonyeza na kukunyoosha taratibu, na wengine hupata nafuu. Lakini usiiache hospitali. Mwambie daktari, na huyo mtaalamu mwambie dawa ulizopewa. Mkaja ufungue, utembee kidogo kidogo. Mgongo ukilazwa kutwa unakakamaa."

"Na nikizidiwa?"

"Miguu ikifa ganzi au ikikosa nguvu, au mkojo ukikushinda, usingoje. Hospitali siku ile ile."

Alimweleza daktari, naye akakubali. Thuwaiba alirudia dawa kama alivyoelekezwa, na kila wiki akaenda kwa mtaalamu. Asubuhi alifanya mazoezi sakafuni huku akiguna. Sumaiya alimfundisha kumgeuza mama kwa shuka, wakiwa wawili, bila kujikunja. Tusidanganyane, maumivu hayakwisha yote. Lakini yalipungua, na baada ya miezi mitatu aliweza kuinama na kuinuka.

Mwezi wa Shaaban, Bi Mwanakheri alifariki. Nyumba ilikuwa nzito kwa majonzi. Wanawake walikuja kumwosha maiti, wakamwekea Thuwaiba kiti.

"Kaa, mwenzetu. Mgongo wako tunaujua."

"Hapana," alisema. "Mama yangu namwosha mimi."

Aliinama juu ya kitanda cha kuoshea, machozi yakimtoka, akaanza upande wa kulia. Mgongo ulimuuma kidogo. Hakukaa kitini mpaka mama alipovishwa sanda.