Rwakisale Yuko Majini

Sogeeni, watoto, msikie ya Kemilembe. Ana miaka sita. Kwao ni Kagera, nyumba iko katikati ya migomba.

Babu yake ana enanga. Ni ubao wenye nyuzi, hulazwa mapajani na kupigwa kwa vidole.
Ting-ting, tiririi!

Babu huimba habari za Rwakisale, shujaa wa kale. Ndiye aliyewaletea watu wa kwao mgomba wa kwanza. Alibeba chipukizi kichwani, akavuka mto, akapita milima mitatu, akalichimbia shimo.

Lakini Babu haimbi peke yake. Shujaa akiingia mtoni, Babu huacha kupiga na kuuliza:
"Mpo?"
Wote huitika:
"Tupo! Vuka twende!"
Wasipoitika, Rwakisale havuki. Ndiyo desturi.

Bibi ndiye aliyeitika kwa nguvu kuliko wote. Babu akisahau, Bibi alimkumbusha. Kisha Bibi akafariki.

Majirani wakasema wana kazi. Wajukuu wakubwa wakasema wana televisheni. Enanga ikatundikwa ukutani, ikashika vumbi mwaka mzima. Aibu iliyoje!

Jumapili moja akaja Baba Mdogo Respicius kutoka Mwanza. Alikuwa na simu mpya.
"Baba, imba nikurekodi," akasema. "Isije ikapotea."
Mwaka mzima hakuja hata kumsalimia baba yake. Leo ana haraka!

Watu wakajaa sebuleni. Baba Mdogo akainua kidole.
"Nyamazeni kabisa! Asikohoe mtu! Na wewe Kemilembe, funga mdomo."
Kemilembe akafunga mdomo.

Ting-ting, tiririi!
Babu akaimba. Rwakisale akabeba chipukizi. Rwakisale akaingia mtoni, maji yakamfika kifuani.

"Mpo?" akauliza Babu.
Kimya.
"Mpo?"
Kimya. Watu wazima wote hao, wanaitazama simu!

Babu akaziba nyuzi kwa kiganja.
"Hawapo," akasema. "Basi."
"Endelea tu, Baba," akasema Baba Mdogo. "Simu inakusikia."
"Simu haiitikii," akasema Babu. Sauti yake ilikuwa na uchungu.

Kemilembe akaumia moyoni. Rwakisale yuko majini! Maji ni baridi! Chipukizi litachukuliwa!
Akashindwa kuvumilia.
"Tupo, Babu! Vuka twende!"

"Ah, mtoto huyu!" akafoka Baba Mdogo. "Umeniharibia!"
"Hajaharibu," akasema Babu. "Ameitika."
Ting-ting, tiririi! Chubwi, chubwi, Rwakisale akavuka.

Akapita mlima wa kwanza. Babu akautaja kwa jina.
Akapita mlima wa pili. Babu akautaja kwa jina.
Akafika mlima wa tatu.

Ting...
Babu akatazama kiti cha Bibi. Hakuna mtu.
"Mlima wa tatu unaitwaje?" akauliza.
Hakuna aliyejua. Si Baba Mdogo, si majirani, si simu.

Babu akalia mbele ya watu.
"Tulikuwa tunaujua," akasema. "Mimi na bibi yenu. Mngekuja mapema."
Baba Mdogo akazima simu.

Jioni Kemilembe akapanda kitandani na mdogo wake, Mujuni. Akamfunika blanketi.
"Alikuwepo Rwakisale," akamwambia. "Alibeba chipukizi kichwani. Akaingia mtoni. Mpo?"

Mujuni alikuwa amelala fofofo.
Kemilembe akangoja. Machozi yakamjia.
"Mpo?" akauliza tena, polepole.

Ngo ngo ngo! Ukuta ukagongwa. Sauti ya Babu ikatoka chumba cha pili.
"Tupo! Vuka twende!"

Kemilembe akajifuta macho. Akamvusha Rwakisale. Akataja mlima wa kwanza. Akataja mlima wa pili.
"Wa tatu hatuujui," akasema. "Ulipotea."
"Ndiyo, mjukuu wangu," akajibu Babu. "Ulipotea. Hadithi iliyobaki, nisimulie tena kesho."