Mfungo wa Atupele

Gari lilikuwa limeshakipita kituo cha Mpemba, na Atupele alikuwa bado hajavua sweta hata moja. Alivaa mbili, na juu yake koti la mvua la mama yake, ingawa jua la saa nne lilikuwa limeshapanda. Wenzake wa timu ya mieleka waliimba na kugonga viti, kosta ikipanda kuelekea Vwawa kwenye mashindano ya shule za mkoa. Yeye aliegemea dirisha akihesabu nguzo za umeme, kwa sababu akili ikikosa kazi inakumbuka maji.

"Oya, Mtumishi!" Brenda alimwita kutoka kiti cha nyuma. "Unaenda kupigana au unaenda kuuza mitumba?"

Gari zima likacheka.

"Nasikia baridi," Atupele alijibu.

"Baridi gani, na jasho linakutiririka mpaka puani?"

Rozi, aliyekaa mbele, akageuka. "Mwacheni mwenzenu. Yuko kwenye maombi."

Hapo wakanyamaza kidogo, maana maombi si jambo la kuchekea. Atupele akafumba macho ili aonekane anaomba kweli.

Alikuwa kidato cha pili, miaka kumi na tano. Kila uzito shule huingiza mchezaji mmoja. Uzito wake ulikuwa kilo hamsini na tatu, na hiyo nafasi aliishika Rozi. Kila walipokamatana mazoezini, Rozi alimbwaga chini kama gunia la mahindi. Lakini nafasi ya kilo hamsini haikuwa na mtu. Anayeifikia kabla ya Jumamosi anakwenda Vwawa. Asiyeifikia anabaki Tunduma kufagia darasa. Atupele alikuwa na siku nane, na kilo tatu za kutupa.

Kanuni alizijua. Mwezi wa kwanza Mwalimu Osward, anayefundisha timu, aliwaita wazazi shuleni, akawasomea karatasi moja baada ya nyingine. Mwenye choa au kidonda haingii kwenye mkeka. Mzazi hatukani mwamuzi wala mtoto wa mwenzake. Hakuna kupunguza zaidi ya kilo moja kwa wiki. Na kanuni ya nne: mtoto akiugua, au akiwa amefunga kwa sababu yoyote, mzazi aandike barua, na mtoto akae nje mpaka apone au afungue. Wazazi walisaini karatasi juu ya mapaja, wengi wakiwahi kuvuka mpaka kwenda Nakonde na biashara zao. Marita, mama yake Atupele, alisaini kwa kalamu ya kuazima, akaondoka na mchele wake.

Sasa wiki ile ya mashindano kanisani kwao kulikuwa na maombi ya siku saba. Na katika kundi la akina mama wa kanisa lile, mfungo hautangazwi. Mtu akifunga ananawa uso, anajipaka mafuta, anakwenda sokoni akicheka kama aliyeshiba. Ndiyo desturi yao, na ni desturi nzuri. Atupele akaingilia hapo hapo.

"Mama," alisema Jumanne jioni, "na mimi nafunga. Nayaombea mashindano."

Marita aliacha mwiko kwenye sufuria. Machozi yalimlengalenga. "Mungu akubariki, mwanangu. Ila jioni unafungua kwa uji, umesikia? Wewe bado unakua."

"Ndiyo, mama."

Marita akafikiri kidogo. "Na yule mwalimu wako? Si alisema tumwandikie?"

"Mama, kwani mfungo si siri?"

Marita akacheka kwa aibu. "Kweli. Leo umenifundisha."

Barua haikuandikwa.

Kila jioni Marita alikoroga uji wa ulezi na karanga, akaujaza kikombe kikubwa. Atupele alikipokea kwa mikono miwili, akazunguka nyuma ya jiko, akampa mdogo wake Mika. Mika ana miaka tisa, na mtoto wa miaka tisa haulizi uji umetoka wapi. Alikunywa, akafuta mdomo, kikombe kikarudi kitupu. Alhamisi Atupele akaacha hata maji.

Vwawa walipimwa mmoja mmoja. Mshale wa mizani ukasimama chini kidogo ya hamsini. Mwalimu Osward aliangalia mshale, kisha akaangalia midomo ya Atupele iliyopasuka na kupauka kama udongo wa kiangazi. Ijumaa ya wiki iliyopita alikuwa amemwandika kilo hamsini na tatu, kwa mkono wake mwenyewe.

"Atupele. Jana ulikula?"

"Nilikula, Mwalimu."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Mwalimu."

Mwalimu alishika kalamu bila kuandika. Nafasi ikibaki tupu, shule inapoteza alama. Mwaka uliopita walikuwa wa mwisho, na walichekwa mpaka stendi.

"Haya," alisema. "Kanywe maji."

Akamwandika. Atupele alikunywa mafunda mawili, yakagoma kukaa, akayatapika nyuma ya choo.

Mpinzani wake alikuwa msichana mfupi kutoka Ikinga, kule Ileje, mwenye shingo ngumu. Dakika ya kwanza Atupele alisimama vizuri, hata Brenda akapiga vigelegele. Dakika ya pili mguu wa kushoto ukakakamaa kama ubao, kisha wa kulia. Akaona watu wamekuwa wadogo, wako mbali. Akaanguka bila kuangushwa. Yule wa Ikinga akarudi nyuma mikono juu, kama mtu aliyeshika sahani ikavunjika yenyewe.

Hospitalini walimpima malaria, hakuna. Mkojo uliotoka ulikuwa kidogo, mweusi kama chai ya rangi. Marita alifika alasiri, vumbi mpaka kwenye nyusi. Daktari Clement alimvuta kando ya kitanda.

"Mama, mtoto huyu amekula nini wiki hii?"

Marita aliinama. Alikuwa anaitoa siri ya mfungo mbele ya mgeni. "Alikuwa kwenye maombi, daktari. Lakini jioni anafungua. Uji namkorogea mwenyewe, na kikombe anarudisha kitupu."

"Na maji?"

"Anakunywa."

Daktari akasugua paji la uso. "Basi sielewi. Kama anakula na kunywa, huenda figo zenyewe zinaumwa, na nikimjaza maji nitamzamisha. Kama ni kukaukiwa, kila dakika ninayosubiri naziua. Lazima nijue ni lipi, mama, na nijue sasa hivi."

Atupele alisikia yote. Ulimi wake ulikuwa kama gunzi. Akamtazama mama yake, uso ule uliong'aa wiki nzima kwa sababu binti yake anaomba. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Angeweza kulala tu.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Uji alikuwa anakunywa Mika."

Marita hakuelewa. "Mika?"

"Na maji sijanywa tangu Alhamisi. Sikuwa naomba, mama. Nilikuwa natafuta kilo hamsini."

Daktari hakungoja neno la pili. "Nesi Grace! Dripu, haraka!" Marita aliketi sakafuni palepale alipokuwa amesimama.

Usiku ule haukuwa na uhakika. Asubuhi mkojo ulianza kutoka tena, na Mwalimu Osward akaingia, kofia mkononi.

"Mama Atupele, nilimwona," alisema. "Niliona midomo, niliona mizani. Nikaandika jina."

Marita alimsogezea kiti. Kisha akasema, "Na mimi nilisaini karatasi yako, Mwalimu, nikaficha barua. Wewe ukaficha macho. Huyu akaficha kikombe. Kila mmoja alificha kidogo tu, na tazama tulipomleta." Akamgeukia binti yake, akamshika mkono usio na sindano. "Mwanangu, mimi unaweza kunidanganya, nimekuzaa, nakuamini. Mwalimu unaweza kumdanganya. Mwili haudanganyiki. Ile kanuni iliwekwa ili uishi, na tuliivunja watu watatu. Na Mungu msimsingizie. Yeye hakuomba kilo hata moja."

Atupele alihamishiwa Mbeya, akalazwa siku kumi na tisa. Figo zake hazikurudi kama zamani. Anakwenda kliniki kila mwezi na hataruhusiwa mieleka tena. Alirudia kidato cha pili. Mwalimu Osward alimweleza mkuu wa shule kila kitu, akaondolewa kwenye timu. Sasa anafundisha jiografia tu. Rozi alishika nafasi ya tatu mkoani. Brenda aliacha mieleka, anacheza netiboli. Marita bado anafunga na akina mama wenzake, na anauza mchele Nakonde. Mika yuko darasa la nne. Timu ina mwalimu mpya na wachezaji wanane.