Aliyempita Evariste Msituni

Asubuhi ile kijiji cha Kabuta kiliamka kama siku zote. Wanawake walikuwa wamekwisha kuanika chisense, dagaa wa ziwani, mchangani na sasa walikuwa wanafukuza kunguru. Wanaume walikuwa wanafunga matenga ya samaki nyuma ya baiskeli, zile baiskeli nyeusi, nzito, zisizojua kufa. Kapembwa alikuwa mmoja wao. Alikuwa anakaza kamba ya mpira kwa meno, na shemeji yake Evariste amesimama mlangoni, anamtazama kama mtu anavyomtazama nzi aliyeangukia chai ya mtu mwingine.

Evariste alikuwa wa Lubumbashi, na hakukubali mtu asahau. Vita ilipowaka tena ng'ambo, alivuka ziwa Mweru akafikia kwa dada yake Brigitte, aliyeolewa na Kapembwa. Wengine walivuka na watoto na masufuria. Yeye alivuka na baiskeli. Na haikuwa ya kubebea samaki. Ilikuwa VTT, yenye magurudumu manene, gia nyingi na springi mbele, kama zile ambazo Wazungu wa migodini walipandia milima kwa kujifurahisha. Alisema aliwahi kuwashinda wote nayo. Hakuna aliyekuwepo wa kukanusha.

Alikula bukari ya Kapembwa, ugali wa mihogo, akasema una mchanga. Alifundishwa lugha ya pale, akasema Kibemba ni kelele za bata. Jezi yake nyekundu ya mashindano ilipochanika begani, Brigitte aliishona kwa uzi wa bluu, kwa kuwa mwekundu haukuwepo; Evariste akalalamikia uzi. Mama yake Kapembwa, Mama Ennie, aliyekuwa kipofu, alimsalimu kila asubuhi akishasikia hatua zake. Evariste hakumwitikia hata siku moja. Kipofu wa Kibemba, alimwambia dada yake, salamu yake nitaifanyia nini?

Siku hiyo Kapembwa alimwomba amsaidie tenga moja tu hadi barabarani, kwa kuwa samaki aina ya makobo walikuwa wengi. Evariste alicheka. VTT haibebi samaki, alisema. Punda wapo. Yeye alikuwa anapanda bonde la Kalonga hadi msitu wa misonobari kule juu, akanyooshe miguu mahali pasiponuka.

Kapembwa akaiacha kamba.

Msitu ule ulipandwa na serikali Kapembwa akiwa mtoto. Ulipandwa juu ya makaburi, na waliofanya hivyo hawakumwuliza mtu. Miti ilikua haraka mno, na ndege hawakuizoea. Wabeba samaki walipita humo kwa sababu njia ni fupi, lakini walipita kwa adabu. Ukimkuta mtu mbele yako, unashuka, unamsalimu, unatembea nyuma yake hadi yeye mwenyewe aiache njia. Hata kama samaki wanaoza. Hayo yote Kapembwa alimweleza, kwa Kiswahili chake cha sokoni, pole pole, bila kuinua macho.

"Mulamu," alimaliza, akimwita shemeji kwa lugha ya kwao, "kule usipite mutu. Ukimupita, naye atakupita."

Evariste akajibu kwamba mtu wa kumpita hajazaliwa upande huu wa ziwa. Akapanda, akaondoka bila kuaga.

Na kusema kweli, baiskeli aliijua. Bonde la Kalonga lina mawe kama migongo ya viboko, na njia inavuka maji huku na huku. Alipita juu ya mawe bila kugusa breki. Alivuka maji kwa kasi, akawalowesha wanawake waliokuwa wanaloweka mihogo, wala hakugeuka. Watu wazima, aliwaza, maisha yao yote wamekaa kwenye mlima mzuri hivi, na hawana wazo jingine ila mihogo. Jua lilikuwa halijafika utosini alipoingia chini ya misonobari.

Pale sauti ya maji ilikatika.

Haikupungua kidogo kidogo. Ilikatika. Chini palikuwa na zulia la sindano kavu za miti, rangi ya kutu, na magurudumu hayakutoa mlio wowote. Miti ilisimama kwa mistari. Kila mstari ulifanana na mwingine. Evariste akapenda. Hii sasa ndiyo njia ya watu wenye akili, akajiambia, akabadili gia.

Mbele yake alikuwa mzee anasukuma baiskeli nyeusi yenye tenga. Amevaa koti refu, na koti lilikuwa linadondosha maji, ingawa mvua ya mwisho ilikuwa imesahaulika. Alitembea katikati ya njia. Hakuwa na haraka.

Evariste alipiga kengele. Mzee hakusogea.

"Toka mu njia, muzee," Evariste alisema. "Unanuka."

Akampita kwa nguvu, kiwiko chake kikaligonga tenga. Alisikia samaki wakimwagika. Hakusimama. Kuokota samaki kulikuwa kazi ya wenye samaki.

Njia ilipinda. Baada ya kona, mzee alikuwa mbele yake.

Koti lile lile. Maji yale yale. Tenga limejaa.

Evariste aliwaza kwamba ipo njia ya mkato. Kisha aliwaza kwamba ni mzee mwingine, kwa kuwa watu hawa wote wanafanana. Wazo hilo lilimtuliza. Akakanyaga pedali, akampita tena, na safari hii mzee alisema kitu, kwa sauti ndogo, bila kugeuza kichwa.

"Pita, mutoto. Pita."

Alipopita alitupa jicho ndani ya tenga. Samaki walikuwa wanapumua. Walikuwa wamepangwa vizuri, wote wameelekeza macho juu, na midomo yao ilikuwa inafunguka na kufumba kwa pamoja.

Akaendesha. Sasa hakuwa anacheza. Gia zilianza kuruka. Mnyororo ulilia. Njia ilikuwa tambarare, lakini alihisi anapanda. Alisubiri kumwona mzee mbele. Hakumwona.

Akasikia kengele nyuma yake.

Aliijua kengele ile. Ilikuwa imepasuka kidogo, ikilia kama kijiko kwenye kikombe. Alitazama mkono wake. Kengele yake ilikuwa pale, kwenye usukani. Hakuwa ameigusa.

Ikalia tena. Karibu zaidi.

Shingo ilikataa kugeuka. Kisha sauti ikasema sikioni mwake, sauti ya mtu mwenye kiburi, mtu wa mjini, sauti aliyoisikia maisha yake yote kila alipofungua kinywa:

"Toka mu njia, muzee. Unanuka."

Evariste alisogea. Hakuamua kusogea. Alisogea tu.

Kitu kikampita. Hakikuleta upepo. Sindano za misonobari hazikutikisika. Aliona mgongo. Aliona jezi nyekundu. Begani palikuwa pameshonwa kwa uzi wa bluu.

Mgongo ule uliendesha vizuri sana. Ukapinda kona. Ukaisha.

Evariste alirudi akiisukuma baiskeli. Mnyororo ulikuwa umekwama, na kila alipojaribu kupanda, baiskeli ililala ubavu kama mnyama mgonjwa. Hakukutana na mtu. Aliingia msituni kabla ya saa sita. Alipotoka, jua lilikuwa linaelekea ziwani, wala hakukumbuka alikotumia mchana. Wanawake wa mihogo walikuwa bado mtoni. Walimwona akija. Wakatazamana, wakainama juu ya mihogo yao.

Nyumbani Brigitte alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, uani. Kapembwa alikuwa ameketi kando yake, amekwisha kurudi. Brigitte aliinua uso. Mchi ukabaki hewani.

"Umetokea mulango gani?" aliuliza.

Evariste hakuelewa. Ikabidi Kapembwa aeleze, na alieleza akiwa amesimama, mgongo ukutani. Evariste alirudi mchana. Alikuja anaendesha, akaegemeza baiskeli hapa, akavua viatu mlangoni. Alimwendea Mama Ennie, akapiga magoti, akamshika mikono yote miwili, akamwamkia kwa Kibemba, "Mwapoleni mukwai," kama mtoto aliyelelewa. Alikaa naye muda mrefu. Alikula bukari, akashukuru, akaosha sahani yake. Kisha akasema amechoka, akaingia kulala.

Nyumba ile ina mlango mmoja wa nje. Brigitte alikuwa ametwanga mbele yake tangu wakati ule.

Wakausukuma mlango wa chumba chake, ukafunguka. Hapakuwa na mtu. Dirisha lilikuwa tundu la hewa lisilopitisha hata paka. Kwenye godoro palikuwa na umbo la mtu aliyelala ubavu, amekunja magoti, uso ukutani. Umbo lilikuwa la maji. Chumba kizima kilinuka utomvu wa misonobari.

Nje, Mama Ennie alisikika akiuliza ni nani huyo aliyekuja na hatua nzito. Kisha akasema, taratibu, mgeni asiingie, mwanawe amelala.

Evariste angeweza kunyamaza. Angeweza hata kulia, na dada yake angemshika. Badala yake alianza kutukana. Alisema wamemchezea, wachawi wa samaki hawa, wamemwaga maji kitandani kumtisha mtu aliyesoma. Aliwatukana mmoja mmoja, hadi kipofu. Maneno yalitoka yamekatika, lakini aliyatoa yote.

Brigitte alimsubiri amalize. Kisha alisema kwa kunong'ona, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililouma:

"Ule wa muchana alikuwa mutu muzuri kukupita."

Kapembwa alimwambia atafute pa kulala kwingine. Evariste akaondoka asubuhi iliyofuata, na hakuna aliyemsindikiza. Waliomwona baadaye Nchelenge mjini wanasema VTT aliisukuma tu, hakuipanda tena. Akisikia baiskeli nyuma yake, aliruka hadi kwenye majani, akasimama ameinamisha kichwa, mpaka ipite. Watoto waligundua hilo, wakawa wanamfuata na kengele. Hakuthubutu kuwakemea.

Godoro Kapembwa alilitoa nje, akaliegemeza kwenye ukuta wa jikoni, kwenye jua la mwezi wa kumi linalopasua mitumbwi. Chisense zilizoanikwa kando yake zilikauka kabla ya mchana. Umbo halikukauka. Brigitte alitaka godoro lichomwe. Mama Ennie alikataa katakata, akaomba mkeka wake uhamishiwe karibu nalo, na jioni walimsikia akizungumza hapo, akinyamaza kidogo, akicheka, akizungumza tena.

Halikuguswa na mtu hadi mawingu ya mvua yalipoanza kukusanyika juu ya ziwa. Ndipo Brigitte na Kapembwa walipokwenda kuliingiza ndani. Wakasimama hatua chache kabla ya kulifikia.

Umbo lilikuwa limegeuka. Sasa lilikuwa limelalia ubavu mwingine, magoti yamenyooka, na mkono mmoja ulikuwa umetandazwa kuelekea kwenye mkeka wa Mama Ennie.